Siku moja maishani mwangu: fundi wa alaimenti, Buguruni

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua geti, nafagia shimo, nafuta vichwa vinne vya mashine ya kupimia mkao wa tairi kwa kitambaa kisafi, maana vumbi likikaa kwenye vioo vyake vipimo vinadanganya. Mpaka saa 4 nimeshatoa IST mbili na Noah moja. Hizo hazikunisumbua.

Wengi wanadhani alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa tairi, ni kubonyeza kompyuta na kukaza nati. Hilo linaniuma, kwa hiyo nawaeleza gari la saa 4 na robo.

Subaru Forester ya 2003, ya mzee mmoja mwenye duka la vinywaji. Nikamwamkia, akaitikia huku anatazama saa.

"Kijana, gari linavuta. Nimefanya alaimenti mara tatu, mara tatu nimelipa. Nirekebishie mbele niondoke, nina mzigo."

Mzigo kweli: kreti sita za soda kwenye buti. Nikamwomba tuzishushe, akakataa. Nikamweleza kwamba nyuma ikilemewa gari linakaa chini, na likikaa chini tairi zinabadili mkao, hivyo nitakachopima si gari lake. Akasema mafundi wote watatu walipima na kreti zikiwa ndani. Nikamjibu, "Mzee wangu, ndiyo maana umerudi mara ya nne." Dakika ishirini zikaishia hapo, nyuma yake magari mawili yanasubiri. Mwisho kijana wangu akaanza kuzishusha mwenyewe, mzee akanyamaza.

Upepo wa tairi nao: kushoto nyuma 24, kulia 33. Nikajaza. Kisha nikamwomba apite taratibu, usukani ukiwa wa kwenda mbele, kwenye sakafu tunapooshea magari, atokee pakavu. Alama za maji zikaonyesha wazi: tairi za nyuma hazifuati za mbele, zimehamia kushoto kiasi cha upana wa kidole. Gari linatembea kama kaa.

Nikapitisha kiganja kwenye tairi la nyuma kushoto. Ukienda upande mmoja ni laini, ukirudi linakwaruza kama msumeno, na ukingo wa ndani umeisha. Tairi la namna hiyo halibingiriki vizuri, linaburuzwa.

"Mbele, fundi. Mbele ndiko kunakovuta," mzee anasisitiza.

Mashine ikasema: nyuma kulia karibu na sifuri, nyuma kushoto limechungulia nje digrii 0.45. Sikuishia kwenye skrini. Nikafunga uzi pande zote mbili, nikapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya rimu. Kushoto tofauti milimita 3. Ni unene wa sarafu mbili hivi, lakini nyuma ndiyo inayoamua gari lielekee wapi. Ukinyoosha mbele peke yake, dereva atashika usukani umelala upande maisha yake yote.

Na hao wenzangu walionitangulia walijua usukani umelala. Mmoja aliuchomoa kwenye meno ya mhimili wake akauhamisha jino moja ili uonekane umenyooka. Niligundua kwa sababu indiketa ya upande mmoja ilikuwa inachelewa kujizima. Hilo liliniudhi kuliko maneno ya mzee. Ni kumfunika mtu macho na kuchukua hela yake.

Chini ya gari nikakuta chanzo. Mkono wa pembeni wa nyuma kushoto, ule unaoshika tairi upande wa nyuma wa ekseli, umepinda katikati, na mdomo wa jeki umeacha alama yake hapo hapo. Mtu alipiga jeki kwenye mkono badala ya chesisi. Mkono ukipinda unafupika, unavuta nyuma ya tairi ndani, basi mbele ya tairi inatazama nje. Nikamwita mzee achungulie. Akapiga magoti, akagusa ile alama kwa kidole, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa tunafanyaje?"

Kijana akapanda bodaboda kwenda Ilala kutafuta mkono mtumba. Mimi nikabaki na bolti ya mkono huo, ile ya kurekebishia mkao wa tairi. Imeshikana na chuma cha ndani ya bushi, ule mpira wa kwenye tundu la mkono, kutu ya miaka. Nikapuliza mafuta, nikasubiri, nikavuta kwa spana yenye bomba, ikajipinda bila kuzunguka. Moto wa gesi. Nyundo. Tena gesi. Sijui ilikuwa saa ngapi, najua jasho lilikuwa linaingia machoni na wale wawili waliokuwa wanasubiri wameshaondoka. Hiyo ni hela ya siku. Mwisho nikaikata kwa grainda, cheche zikaniunguza kifundo cha mkono. Chakula cha mchana nilikula nimesimama, wali umeshapoa.

Mkono ulifika jua likielekea magharibi, na bolti na bushi mpya. Nikapaka grisi kwenye bolti kabla ya kuipitisha, ili fundi atakayekuja asipate taabu niliyoipata. Nikaweka nyuma kwanza, pande zote zikasomeka sawa, ndipo nikaja mbele. Usukani nikaurudisha kwenye jino lake.

Tulijaribu Barabara ya Mandela, foleni ilipoachia kidogo. Mzee akalegeza mikono, usukani ukatulia katikati. Hakusema kitu. Alilipa, akapakia kreti zake mwenyewe moja moja, akaniambia, "Kesho nitamleta mwanangu na gari lake."

Alipotoka alipita kwenye ile sakafu yenye maji. Nikachukua tochi, nikainama: tairi za nyuma zimefuata za mbele, kushoto na kulia.