Mgebuka aliyegeuka soksi

Wiki tatu nimekesha na samaki mmoja. Kuna kaka hapa Kigoma anaanzisha brandi ya michezo ya majini, akanipa kazi ya logo na michoro ya vibao vyake, vile unavyosimama juu ukapiga kasia. Nikamchorea mgebuka, kila gamba mahali pake. Kwenye kompyuta alimeremeta!

Tukaprinti stika, tukabandika, tukashusha kibao majini Kibirizi. Hatua hamsini tu kutoka ufukweni, mgebuka wangu kawa doa. Mzee mmoja mvuvi akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni soksi?"

Tena nilikuwa nimemweka katikati, penye sponji ya kukanyagia. Stika haikushika hata saa moja.

Nikaenda kuangalia majina ya mitumbwi. Wale mafundi wa brashi wanajua: herufi nene, nyeupe juu ya rangi iliyokolea, unasoma chombo kikiwa bado mbali. Sasa samaki wangu ni mistari mitatu na jicho, rangi ya chungwa maana Tanganyika yenyewe ni bluu tupu. Amehamia puani na tumboni mwa kibao.

Yule wa magamba yuko kwenye friji ya mama.