Kutafuta vigawo vya 6x² − 7x − 20 bila kubahatisha

Mwanafunzi wa kidato cha pili akipewa x² + 7x + 12 hapati shida. Anatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinaleta 12 na zikijumlishwa zinaleta 7, anapata 3 na 4, anaandika (x + 3)(x + 4). Kazi inaanza pale x² inapotanguliwa na namba. Wengi hapo hubahatisha mabano mpaka muda wa mtihani unawaishia.

Chukua 6x² − 7x − 20. Zidisha namba ya kwanza na ya mwisho: 6 × −20 = −120. Usitafute kichwani, andika jozi zote za 120 kwa mpangilio: 1 na 120, 2 na 60, 3 na 40, 4 na 30, 5 na 24, 6 na 20, 8 na 15, 10 na 12. Kwa kuwa −120 ni hasi, namba zako mbili zina alama tofauti, hivyo unatafuta jozi iliyopishana kwa 7. Ni 8 na 15. Kubwa inabeba alama ya namba ya katikati, −15. Ndogo inakuwa +8. (Zao, yaani jibu la kuzidisha, lingekuwa chanya, zote zingebeba alama moja na ungetafuta jumla.)

Sasa vunja −7x:

6x² + 8x − 15x − 20
2x(3x + 4) − 5(3x + 4)
(3x + 4)(2x − 5)

Mstari wa pili ndio unaowaponza watu. Ukitoa −5 nje, alama ya ndani inageuka, kwa sababu −20 ÷ −5 ni +4. Anayeandika −5(3x − 4) hupata mabano yasiyofanana, akadhani amekosea jozi, akafuta yote. Jozi ilikuwa sahihi! Mabano yakipishana kwa alama tu, kagua kwanza ile hasi uliyoitoa nje.

Kigawo cha shirika, yaani namba inayogawa sehemu zote, kitolewe mapema: 2x² + 14x + 24 ni 2(x² + 7x + 12), na hiyo 2 ibaki hadi jibu la mwisho. Jozi isipoonekana, kokotoa b² − 4ac, ambapo a ni namba ya x², b ni ya x na c ni ile ya mwisho. Kwa mfano wetu ni 49 + 480 = 529, yaani 23 × 23, kwa hiyo vigawo vipo. Kwa x² + 5x + 3 unapata 13, ambayo si mraba wa namba nzima. Acha kuhangaika, tumia kanuni ya jumla ya kutafuta x kwa a, b na c.

Kwa wanafunzi wa Mtwara na Lindi, swali zuri liko shambani. Mikorosho 84 imepandwa kwa mistari, kila mstari una miti 5 zaidi ya idadi ya mistari. Mistari ikiwa x, basi x(x + 5) = 84. Usikimbilie kusema x = 84. Hamisha 84 kwanza, maana zao likiwa sifuri ndipo bano mojawapo linalazimika kuwa sifuri:

x² + 5x − 84 = 0
(x + 12)(x − 7) = 0

x ni −12 au 7. Idadi ya mistari haiwi hasi, na sababu hiyo iandikwe kwenye karatasi. Mistari ni 7 yenye miti 12 kila mmoja. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, shamba hilo ni karibu eka 3.