Gusa kifua, achana na vidole: nilivyomchagulia mwanangu nguo za kulalia

Maneno niliyoyasikia kuliko yote tangu nijifungue ni haya: "Mtoto anasikia baridi." Kila anayekuja kumwona humshika vidole, husikitika, kisha huanza kutafuta kofia, soksi, sweta na blanketi la kuongezea. Nimeambiwa na shangazi, nimeambiwa na jirani, nimeambiwa hata na mtu nisiyemjua tuliyekuwa naye kwenye foleni. Wote walisema kwa mapenzi, lakini walikuwa wanapima mahali pasipopimwa.

Vidole vya mtoto mchanga haviaminiki. Mzunguko wa damu yake haujakomaa, kwa hiyo mikono na miguu inaweza kuwa ya baridi huku kiwiliwili kikiwa na joto la kutosha au hata kupita kiasi. Pa kupima ni kifuani au nyuma ya shingo, chini ya nguo. Pakiwa na uvuguvugu na pakavu, mtoto yuko sawa. Ukikuta jasho, ngozi inachoma au harara zimeanza kutokeza shingoni, mvue nguo moja.

Mwanzoni nilikuwa nabishana, na kubishana na mtu mzima hakufiki popote. Ndipo nikagundua njia ambayo bado najivunia. Shangazi alipoanza tena na habari ya baridi, niliuchukua mkono wake taratibu nikauingiza nyuma ya shingo ya mtoto. "Hebu shangazi, nisaidie kusikia hapa." Alikaa kimya kidogo, akaugeuza mkono upande wa pili, akasikia tena. Kisha akamvua kofia yeye mwenyewe, akasema, "Kumbe anatokwa jasho mwanangu." Tangu siku ile yeye ndiye anayewafundisha wageni wengine mahali pa kugusa. Mimi hata sifungui mdomo.

Kofia ndiyo iliyonigombanisha na watu wengi zaidi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, na joto jingi la mwili hutoka kupitia hapo. Akiwa amelala ndani, kukiacha wazi humsaidia kupoa. Kofia nayo huteleza ikafika puani. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kilishauri mtoto asilazwe na kofia ndani ya nyumba, isipokuwa katika saa za mwanzo baada ya kuzaliwa au akiwa kwenye wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu. Joto kupita kiasi limehusishwa na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Nikishakumbuka hilo, simwonei haya mtu yeyote anayetaka kumfunika mwanangu gubigubi.

Sasa nguo zenyewe. Mwanangu hulala chali, kama inavyoshauriwa tangu kampeni zilizoanza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, ambazo zilifuatiwa na kupungua sana kwa vifo hivyo. Jambo ambalo sikuona likielezwa ni maana yake kwa anayenunua nguo: mtoto wa kulala chali hulalia kila kitu kilichoko mgongoni. Vifungo vya nyuma, utepe, zipu ya nyuma, kofia iliyoshonewa kwenye kola, vyote vinakuwa chini yake usiku kucha. Kwa hiyo mimi nikishika nguo huigeuza nianzie mgongoni. Maua na vikatuni vya mbele havinihusu.

Halafu kuna kipimo changu cha soksi ndefu ya nailoni, ile nyepesi ya kike. Chukua iliyokwishachakaa, ivae mkononi kama glovu. Pindua nguo ya mtoto nje ndani, kisha pitisha mkono ule polepole kwenye kila mshono, kila kwapa, kila nyuma ya kifungo. Nailoni hunasa palipo na kasoro ambayo kiganja cha mtu mzima hakiisikii kabisa. Mara ya kwanza nilijaribu kwenye rompa moja ya zawadi, ile nguo ya kipande kimoja, nzuri sana, laini kwa nje. Mkono ulipofika kwenye kifungo cha kubonyeza cha kifuani ukakwama. Nikarudia, ukakwama palepale. Kuangalia kwa makini, ukingo wa chuma ulikuwa na kijino ambacho macho yangu yalikuwa yameshakipita. Nikaenda kwenye tarizi ya sungura: upande wa ndani ilikuwa imejaa nyuzi ngumu na vifundo, na nailoni ikachanika kabisa. Mtoto angekuwa analia usiku, tungesema ni tumbo. Nguo ile niliirudisha kabatini na haikuguswa tena. Kipimo chenyewe hakigharimu kitu, na sasa hakuna nguo inayopanda kwenye mwili wa mwanangu bila kupita hapo.

Nyuzi zinazoning'inia nazikata zote, hasa ndani ya soksi na kwenye miguu ya rompa. Uzi mmoja au unywele unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu, ukakaza hadi damu isipite. Mtoto akilia bila sababu inayoonekana, mvue soksi umwangalie vidole kimoja kimoja. Vifungo navyo navivuta kwa nguvu, bila huruma, kabla ya kufua. Karibu kila kifungo cha nguo za watoto kinaweza kumpalia mtoto akikitia mdomoni, kwa hiyo ninachotaka kujua ni kimeshikiliwa vipi. Kikicheza, nakikata au naiacha nguo. Kamba za shingoni na kwenye kofia sizitaki kabisa. Marekani na nchi za Ulaya zina masharti yanayozuia kamba za aina hiyo kwenye nguo za watoto, kwa sababu hunasa mahali na kumkaba mtoto.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ulikuwa wa mfuko wa kulalia. Mfuko huu huvaliwa badala ya blanketi. Mtoto anaingia ndani, mikono inabaki nje, na hana cha kupiga teke kikafika usoni. "Chukua mkubwa, atakua nao," nikaambiwa. Kwa koti hilo lingekuwa shauri zuri. Kwa mfuko wa kulalia ni hatari, kwa sababu tundu la shingo likiwa pana mtoto huteleza akazama ndani, na kichwa kinafunikwa. Nilichukua mdoli wenye kichwa kinacholingana na cha mtoto, nikamvisha ule mkubwa niliokuwa nashawishiwa kuuchukua, nikafunga zipu, nikamvuta miguu kuelekea chini. Kichwa kikapita chote. Mbele ya yule aliyekuwa ananishauri! Nikachukua wa saizi yake, ambao shingoni unaingia kidole kimoja au viwili tu, na makwapa yake yamebana kiasi. Miguuni upana ni mzuri, acha uwe mkubwa, kwa sababu nyonga za mtoto zinataka miguu ikunjwe na kutanuka. Hiyo ndiyo sababu hata wakati nilipokuwa namfunga kwa shuka alipokuwa mchanga kabisa, nilikaza kifuani kidogo tu, miguu nikaiacha huru. Alipoanza kuonyesha dalili za kutaka kujigeuza, nikaacha kumfunga kabisa. Akijigeuza kifudifudi mikono ikiwa imefungwa hawezi kujisaidia.

Mifuko hiyo ina namba inayoitwa togi, inayoeleza inavyohifadhi joto. Kwa kawaida 2.5 ni ya chumba cha nyuzi 16 hadi 20, 1.0 ya nyuzi 20 hadi 24, na 0.5 ya joto la juu ya hapo. Kipimajoto kidogo chumbani kinamaliza ubishi wote. Palipo na joto kali sana, nepi na fulana nyepesi ya pamba vinatosha. Mifuko iliyotiwa uzito ili mtoto "ajisikie amekumbatiwa" niliikataa, na AAP nao wanasema isitumike.

Kitambaa napenda pamba, inanyonya jasho na kupitisha hewa. Ila pamba pana inayopeperuka hushika moto haraka, maana hewa inapata nafasi chini yake. Sheria ya Marekani inataka nguo za kulalia za watoto wa zaidi ya miezi tisa zipite kipimo cha kushika moto au ziwe za kubana mwili, na nadhani wako sahihi. Kubana si kukaba, lakini. Mpira ukiacha alama nyekundu tumboni, saizi imeshakuwa ndogo. Usiangalie miezi iliyoandikwa kwenye lebo, pima urefu wa mtoto. Lebo za Ulaya zimerahisisha: 56, 62, 68 ni sentimita za mtoto mwenyewe.

Na zile fulana zenye mikunjo mabegani, kama bahasha? Mikunjo ile imewekwa ili shingo itanuke, uivue fulana kwa kuishusha chini badala ya kuipitisha kichwani. Nepi ikivuja hadi mgongoni usiku wa manane utaniombea dua. Zipu inayofunguka kuanzia chini nayo iko kwenye orodha yangu ya lazima, yenye kitambaa cha kuficha ncha yake pale kidevuni.

Nguo mpya nafua kwanza, kwa sabuni isiyo na manukato, nasuuza hadi maji yawe meupe. Dawa ya kulainisha nguo situmii, hufanya pamba isinyonye vizuri.

Jambo la mwisho ni la mchana: kwenye kiti cha gari, koti nene la kujaa hewa livuliwe kabla ya kufunga mkanda. Koti hubonyea gari likigonga, mkanda unabaki umelegea. Mfunge mkanda na nguo zake za kawaida, ubane sawasawa, halafu koti au blanketi liwe juu ya mkanda, na gari likishapata joto uliondoe.