Nilivyosema uongo nikiwa nimeshika maiki

Kwa karibu miaka minne nilifungua kila ibada niliyoongoza kwa maneno yaleyale: "Wapendwa, mnisamehe, leo sauti yangu si nzuri, wala sikupata nafasi ya kujiandaa. Lakini tutamsifu Bwana hivyohivyo."

Nilikuwa nimejiandaa. Jumanne nilikuwa nimechagua nyimbo na kuzipanga. Alhamisi tulifanya mazoezi na wapiga vyombo mpaka tukachoka. Jumamosi usiku nilikuwa nimerudia ubeti wa tatu wa wimbo wa kufungulia mpaka ukakaa kichwani, nisije nikaangalia karatasi. Kisha Jumapili asubuhi nasimama mbele ya watu wa Mungu na kusema sikujiandaa. Niliona huo ndio unyenyekevu. Nilidhani anayesimama mbele bila kujishusha kwanza ana kiburi.

Siku moja, tulipokuwa tunakunja nyaya baada ya ibada, ndugu anayepiga kinanda aliniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, kama hatukujiandaa, Alhamisi tulikuwa tunafanya nini?" Hakuwa anatania. Alikuwa ameumia. Mtu huyu alitoka kazini moja kwa moja kuja mazoezini, njaa tumboni, akakaa saa tatu kwenye kiti kile. Mimi kwa sentensi moja nilikuwa nimefuta kazi yake yote mbele ya kusanyiko, ili watu waniambie baadaye, "Lakini dada, mbona umeimba vizuri!"

Na ndicho nilichokuwa nakitafuta. Ilinichukua muda kukiri hilo katika maombi. Nilijishusha ili nipandishwe.

Kulikuwa na madhara mengine ambayo hayakuwa ya moyoni tu. Kiongozi anayeanza kwa kuomba radhi huanza wimbo vilevile, kwa woga. Nilikuwa natoa neno la kwanza kwa sauti nyembamba, nikisubiri watu wanibebe, na wao wananisubiri mimi. Viti vya mbele vinaingia, vya nyuma vinachelewa, na tukifika mstari wa pili tuna nyimbo mbili zenye mwendo tofauti ndani ya jengo moja. Mpiga ngoma ananitazama hajui amfuate nani. Watu waliotakiwa kumfikiria Mungu wanaanza kunihurumia. Macho yote kwangu, na mimi ndiye niliyeyaita.

Basi nikabadilika, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu kosa la pili lilikuwa baya zaidi na nilikaa nalo muda mrefu bila kulijua.

Nilifanya mazoezi ya pumzi. Nikajifunza kuanzisha wimbo kwa uhakika: kuvuta hewa kwa namna ambayo waimbaji wanaisikia, kushika neno la kwanza, kumpa mpiga ngoma ishara mapema. Sauti ikafunguka. Tukaanza kuimba wimbo mmoja wa kuabudu kwa ufunguo wa B flati (ufunguo ndio unaoamua wimbo ukae juu au chini kiasi gani), na kwenye kiitikio nilikuwa napanda mpaka noti ya F ya juu na kukaa pale. Ilikuwa tamu. Nilikuwa napenda kufika pale, na nilikuwa narudia kiitikio mara nne, mara sita, kwa sababu nilijisikia nimeinuliwa na nikaamini kila mtu ameinuliwa pamoja nami.

Lakini watu walikuwa wananyamaza. Ubeti wa kwanza wanaimba, kiitikio kinakuja, wanapoa. Nami nikawa nawakemea. Nilisema, naikumbuka siku yenyewe: "Mbona mmelala? Mmekuja mbele za Mungu kufanya nini? Anayempenda Yesu afungue kinywa!" Wengine waliinua mikono kwa aibu. Mama mmoja mzee wa kiti cha tatu alikaa chini.

Wiki iliyofuata fundi mitambo alinipa rekodi ya ibada. Alikuwa amerekodi kila maiki peke yake, na mojawapo alikuwa ameitundika ikitazama watu. Nilitaka kusikiliza waimbaji wangu, nikafungua ile kwa bahati tu. Nilisikia kusanyiko bila sauti yangu. Ubeti wa kwanza, sauti nyingi, nzito, za kiume na za kike, watoto wakikosea maneno. Kisha wimbo unapanda. Unasikia wanajaribu. Wengine wanashuka oktava nzima, wengine wanakatika katikati ya neno, mmoja anakohoa. Kisha kimya, na kwa mbali mimi peke yangu nalia kule juu. Na baada ya kimya, sauti yangu inawakemea.

Hawakuwa wamelala. Hawakufika tu. Mtu wa kawaida asiyefanya mazoezi ya sauti hufika noti ya D, akijikaza E, na mimi nilikuwa nimewapandisha hadi F kwa sababu pale ndipo sauti yangu inapong'aa. Nilikuwa nimewafungia mlango, halafu nikawauliza mbona hawaingii.

Nililia. Halafu nikaushusha wimbo hadi ufunguo wa G. Ni toni moja na nusu, nayo iliniuma kuliko mfungo wowote niliowahi kufunga. Kwenye G ile noti ya juu inaangukia D, mahali ambapo sauti yangu haina cha kuonyesha. Tulipouimba Jumapili iliyofuata, nilisikia watu kabla sijajisikia mimi.

Tangu hapo siwezi kumsoma Musa kama zamani. Yule anayemwambia Mungu kwamba yeye si msemaji, ana ulimi mzito, na kuendelea kukataa mpaka hasira ya Bwana inawaka juu yake, ndiye yuleyule anayesimama miaka mingi baadaye mbele ya mwamba na kuwaambia watu wenye kiu: "Sikieni sasa, enyi waasi, je! Tuwatokezee maji katika mwamba huu?" Tuwatokezee. Kana kwamba maji yalikuwa yake na Haruni. Maji yalitoka kweli, watu wakanywa na mifugo ikanywa, lakini Musa hakuingia katika nchi ile. Nimekaa na sura hizo mbili, Kutoka 4 na Hesabu 20, kwa sababu naziona zikinihusu mimi. Mwanzoni alijitazama akaona hafai, na mwishoni alijitazama akasahau chanzo. Pande zote mbili alikuwa anajitazama. Na katikati ya hizo ipo Hesabu 12, inayomwita mpole kuliko wanadamu wote, mtu huyohuyo aliyesimama mbele ya Farao bila kutetereka. Kwa hiyo upole wake haukumzuia kusema na mfalme.

John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, katika maelekezo yake ya uimbaji ya mwaka 1761, aliweka sharti moja la kuimba kwa nguvu na ujasiri, mtu asiimbe kama aliye nusu mfu au nusu usingizini. Sharti linalofuata mara moja ni kuimba kwa kiasi, mtu asipige kelele ili asikike kuwapita wenzake. Hayo mawili ameyapanga la nne na la tano, na aliyapa kusanyiko zima, si viongozi peke yao. Nimeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la nyimbo. Nikiwa na woga nasoma lile la ujasiri. Nikiwa na siku nzuri, sauti imeamka, nasoma lile la kiasi.

Siandiki haya kuwatisha wanaoongoza kwa ustadi. Zaburi ya 33 inasema "pigeni kwa ustadi", na Daudi alikuwa na waimbaji 288 waliofundishwa, kila mmoja akapangiwa zamu kwa kura, mwalimu sawa na mwanafunzi. Hilo la kura linanigusa sana. Walikuwa hodari, na bado hawakuchagua wenyewe zamu zao.

Kitu ambacho bado kinanisumbua ni sifa za mlangoni. Mtu anakuja baada ya ibada: "Dada, umetubariki." Zamani nilikuwa nakatisha haraka, "Si mimi, ni Mungu tu," na niliona uso wa mtu ukijifunga, kama nimemrudishia zawadi yake mkononi. Sasa nasema asante, kisha namuuliza ni neno gani la wimbo limemshika. Kwa kawaida mazungumzo yanahama kwangu papo hapo. Mmoja alinijibu kwamba ni mstari kuhusu msamaha, na tulisimama nusu saa akinieleza habari za ndugu yake. Sauti yangu haikutajwa tena.

Jumapili hii anaongoza binti mmoja wa timu yetu kwa mara ya kwanza. Ana miaka kumi na tisa. Jana mazoezini alishika maiki akaanza, "Wapendwa, mnisamehe, mimi ni…" nikamwomba asimamishe hapo. Nilimwambia avute pumzi, aseme "Tusimame, tumwimbie Bwana," na neno la kwanza la wimbo lifuate. Tulirudia mara tisa. Mara ya tisa hakunitazama tena. Ule wimbo wa G ameuomba auongoze yeye, na nimempa. Mimi nitaimba sauti ya pili nyuma yake, karibu na mpiga kinanda, na nakiri kwamba usiku huu naomba kwa ajili ya moyo wangu kuliko ninavyoomba kwa ajili ya sauti yake.