Kadi za mchango nachapa mimi, mwenyewe sichangii

Nina steshenari hapa Moshi, mtaa wa pili kutoka soko la Mbuyuni: kompyuta tatu, printa mbili, na mashine ya kopi ambayo ikichemka inabidi uizime ukanywe chai kwanza. Ukitaka kujua duka linaishi kwa kitu gani, pita kati ya Septemba na Desemba. Ni kadi za mchango. Wachaga wanarudi kwao Krismasi, kwa hiyo harusi, sendofu, kipaimara na jubilei za wazee zote zinasubiriana Desemba, na hela yake inaanza kukusanywa miezi mitatu kabla.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, mzee mmoja wa Kibosho alikuja kuchapa kadi mia mbili. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtoto wa kaka yake. Hakukaa kwenye benchi la wateja. Alivuta kiti akakaa nyuma yangu, anafuatilia kila ninachobofya. Nilipomaliza kupanga maua pembeni mwa kadi akauliza, "Mangi, hiyo programu ulinunua shilingi ngapi?"

"Ni ya bure, mzee. Inaitwa Inkscape."

"Na ile uliyochapia barua yangu?"

"LibreOffice. Nayo bure."

"Bure ya serikali?"

"Hapana. Kuna watu huko duniani wanaitengeneza halafu wanaiachia, kila mtu anatumia. Hata ukitaka kuifungua ndani uone ilivyoandikwa, ruksa."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Sasa hao watu wana kamati?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akauliza mweka hazina wao ni nani, nikasema sijui. Akauliza nimezitumia miaka mingapi, nikasema mitatu. Basi akahesabu kadi zake, akalipa, na moja katika zile mia mbili akaiandika jina langu palepale kaunta. "Hii ya kwako," akasema. "Elfu hamsini si vibaya."

Kadi niliibandika ukutani juu ya printa, na kila nikiitazama nasikia lile swali la kamati.

Hiyo miaka mitatu ilianza kwa balaa. Zamani kompyuta zangu zote zilikuwa na programu za kukraki, kama maduka mengi tu. Fundi anakuja na flashi yake, anakuwekea kila kitu kwa elfu kumi na tano, mnaagana. Mwaka 2021, jioni, mteja akaleta flashi yenye virusi. Ilipofika saa mbili usiku mafaili yote yalikuwa yamebadilika majina na hayafunguki, pamoja na kijitabu cha ibada ya mazishi cha kurasa 12 kilichotakiwa kanisani kesho yake saa nne. Nilikichapa upya usiku kucha kwa laptopu ya kuazima. Binti wa marehemu alikaa pembeni ananisomea wasifu wa baba yake kutoka kwenye karatasi za daftari, akifika kwenye majina ya wajukuu anasimama kidogo, mimi najifanya natafuta herufi.

Wiki ile fundi mwingine alifuta kila kitu, akaniwekea Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, pamoja na LibreOffice, GIMP ya kurekebishia picha, Inkscape na VLC ya kuchezea video. Nililipa ufundi wake tu. Sitadanganya kwamba mambo yalikwenda mteremko: majedwali yaliyotengenezwa kwa Word yakifika kwangu mara nyingine yanaserereka hadi ukurasa wa pili, na mpaka leo naomba watu waniletee PDF. Lakini tangu siku hiyo sijapoteza kazi ya mteja kwa virusi.

Basi kwa lile swali la mzee nikaanza kuzitafuta hizo kamati za wenye programu, nami nichangie. Kumbe zipo. LibreOffice ina taasisi yake, The Document Foundation, iliyoandikishwa Berlin, Ujerumani. Ni watu waliojitenga na OpenOffice, programu iliyotangulia, mwaka 2010. VLC iko chini ya chama cha VideoLAN cha Ufaransa, na ilitokana na kazi ya wanafunzi wa chuo iliyoanza mwaka 1996. Inkscape haina akaunti ya kwake: fedha zake zinapokelewa na Software Freedom Conservancy ya Marekani, shirika linaloshikia miradi mingi hela zake. GIMP nayo inapitishia kwa GNOME Foundation. Hilo halikunishangaza. Jumuiya yetu ndogo ndogo haina akaunti benki, michango yake inapita parokiani, na hakuna aliyewahi kusema ng'ombe wa sikukuu ni wa paroko.

Kilichonishangaza ni Firefox. Nilikuwa nimeiweka ya kwanza kwenye orodha, maana ndiyo ninayofungua kila asubuhi. Kusoma vizuri, nikakuta mchango unaotoa kwa Mozilla Foundation hauendi kutengeneza Firefox. Unakwenda kwenye shughuli nyingine za taasisi. Firefox inatengenezwa na kampuni iliyo chini yake, ambayo mapato yake makubwa yanatoka kwa Google ili iwe injini ya kutafutia inayokuja na kivinjari. Sisemi ni vibaya. Nasema tu, kabla hujatoa hela, soma inaingia mfuko gani. Thunderbird, ya barua pepe, iko kwenye familia hiyohiyo lakini yenyewe inaendeshwa kwa michango ya watumiaji. Jina moja la ukoo, majiko mawili.

Kulipa sasa. Hapo ndipo nilipotoka jasho.

Kadi yangu ya benki ilikataa mara tatu. Tawini nikaambiwa haijafunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, nijaze fomu, nisubiri siku tatu. Zilipofika kumi na moja nikaachana nayo. Nikahamia kwenye kadi ya mtandaoni ya pesa za simu: unaitengeneza kwenye simu, unaijaza kutoka kwenye salio lako, unapewa namba 16, tarehe ya mwisho, na tarakimu tatu za nyuma ya kadi ambayo nyuma haina. Mara ya kwanza ikagoma, kwa sababu nilijaza kiasi kilekile nilichopiga kwenye kikokotoo, nikasahau kwamba wenye kadi wana kiwango chao cha kubadilishia fedha na makato juu. Nikaongeza elfu nne. Mara ya pili namba ya uthibitisho ikachelewa, ukurasa ukajifunga. Mara ya tatu ikapita: euro 10 kwa LibreOffice, zikanitoka elfu thelathini na kitu. Barua pepe ya shukrani ikaingia. Niliituma kwa jamaa anayenifanyia mahesabu ya kodi, akanijibu neno moja: "EFD?" Yaani, risiti ya mashine ya kodi iko wapi?

Kijana wangu wa dukani, kwa kutaka kusaidia, naye alitafuta mahali pa kuchangia GIMP, akabofya la kwanza lililotokea juu. Lilikuwa tangazo. Nembo ni ileile ya mnyama mwenye brashi mdomoni, ila jina la tovuti lilikuwa na herufi za ziada, na lilitaka dola 30 "za leseni". Programu ya bure ina leseni gani ya dola 30? Nilimnyang'anya simu kabla hajaingiza namba. Tangu hapo tunaandika anwani wenyewe, gimp.org, au tunaingilia ndani ya programu yenyewe kwenye menyu ya msaada; LibreOffice ina kitufe cha kuchangia hapohapo.

Jambo lililonifundisha kupanga ni makato. Mimi nilidhani nitatoa dola moja moja kila wiki, kidogo kidogo, kila mradi upate chake. Lakini wakala wa malipo kama Stripe, kwa kiwango chake cha kawaida cha Marekani, anakata asilimia 2.9 na senti 30 juu yake kwa kila muamala. Dola moja inaliwa senti 33 njiani, theluthi nzima. Dola 20 inaliwa senti 88. Yaani ukitoa kidogo kidogo unamchangia wakala. Na kwa kuwa kadi yangu haina kitu mpaka niijaze, mchango wa kujikata wenyewe kila mwezi ungegoma kila mwezi.

Basi nikatengeneza kibubu. Chupa tupu ya tona ya mashine ya kopi, nikaitoboa mfuniko. Kila kazi ya kubuni, iwe kadi, bango au kijitabu cha ibada, shilingi 500 inaingia humo kabla hela haijaingia kwenye droo. Kopi na laminesheni hazihusiki, maana hapo programu haijafanya kazi kubwa. Kila baada ya miezi mitatu tunaivunja na kupeleka kwa mradi mmoja tu, kwa zamu. Mara ya kwanza ilitoka elfu hamsini na nane, na vumbi jeusi la tona kwenye kila noti. Wakala wa pesa za simu alizikunjia pua.

Mama mwenye steshenari ng'ambo ya barabara alisikia habari ya chupa akavuka kuja kuiona. Yeye naye anatumia LibreOffice, aliyemwekea ni mimi. "Wazungu wana hela," akasema. "Sisi ndio wa kuwachangia?"

Nikamweleza habari ya OpenSSL. Ni programu inayofunga kufuli kwenye mawasiliano ya tovuti, hata za mabenki. Mwaka 2014 liligundulika tundu ndani yake, likaitwa Heartbleed, dunia nzima ikahaha kuliziba. Ndipo ikajulikana kwamba mradi ule, unaotumiwa na makampuni yenye mabilioni, ulikuwa unapata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka.

"Basi hao makampuni ndio waende wakachange," akasema mama. Na kwa kweli hapo alinibana. Ni kweli wao ndio wangetangulia.

Nikabadilisha. Nikamsimulia Blender, ya kutengenezea katuni na picha za pande tatu. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa nayo ilifungwa. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal wa Uholanzi, akakubaliana na wenye mtaji wamwachie kwa euro 100,000. Hana. Akaitisha mchango mtandaoni, na ndani ya wiki saba hela ikatimia. Oktoba mwaka huohuo msimbo wote, yaani maandishi yanayounda programu, ukaachiwa kwa umma, na mpaka leo ni wa wote.

"Wiki saba," mama akarudia. Yeye ni mweka hazina wa kamati mbili, anajua ahadi zinavyokwenda. "Walilipa wote walioahidi?"

Hilo sikuwa na jibu lake. Ila kilichomfanya afungue pochi si Blender. Nilimtajia tu, kwa kupita, kwamba mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa OpenOffice ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice, na kwamba LibreOffice yetu ni tawi la mti huohuo. Akaniangalia kama nimemficha urithi. "Kwa nini hukuanzia hapo?" Akatumbukiza elfu mbili. Sasa analeta kila mwezi, haleti zaidi wala pungufu, na anataka iandikwe kwenye daftari.

Zamu ya kwanza ya kibubu tuliipeleka Linux Mint, dola 20, nikaweka jina la duka. Niliwachagua kwa sababu moja ambayo mtu yeyote wa huku ataielewa: kila mwezi wanatoa habari zao, na chini yake wanaorodhesha waliochangia, jina na kiasi, kuanzia cha juu kushuka chini.

Mwezi wa pili yule mzee wa Kibosho alirudi. Harusi ilishapita, sasa anataka kuchapa ripoti ya mapato na matumizi kwa ajili ya kikao cha kuvunja kamati. Alivuta kiti, akakaa nyuma yangu kama kawaida yake. Tulipomaliza, nikafungua ile orodha, nikamwonyesha. Akasogeza miwani, akapitisha kidole kwenye kioo kutoka juu, anasoma majina ya watu wa nchi asizozijua kwa sauti ya chini, mpaka akafika kwenye steshenari yangu. Kidole kikasimama.

"Dola 20 ni shilingi ngapi?"

"Elfu hamsini na kitu."

Akachukua ripoti yake ikiwa bado na joto la printa, akashuka hadi ukurasa wa tatu, akalitafuta jina langu. Lilikuwepo: 30,000.

"Hamsini ndiyo niliyokuandikia mimi," akasema.