Mwalimu, niambie kipindi gani kinakwama

Kikundi chetu cha wahitimu tunaoishi Mbeya huchanga kila mwezi, na kila muhula fedha hizo tunawagawia walimu walioomba vifaa vya darasani. Mimi ni mmoja wa wanaosoma maombi. Nimefundisha kemia hadi kustaafu, sasa naishi Uyole, na naandika haya kwa sababu safari hii kamati imebishana sana. Nataka walimu wajue tunabishania nini.

Kwanza, anayeomba si ombaomba. Tangu elimu bila ada ianze 2016, shule ya msingi inategemea ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hiyo 4,000 hukatwa kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 400, piga hesabu, inabaki na 200,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani, ukarabati, michezo na shajala za ofisi. Vitasa vikiharibika mwezi huo, karatasi za manila za kuchorea chati hazinunuliwi, na mwalimu anaingia mfukoni mwake.

Ombi lililonigusa kuliko yote limetoka Rungwe, kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Ukurasa mmoja, mwandiko wa mkono. Anaeleza kwamba chati za manila anazobandika mwezi wa tatu, kwa mvua za kwao, hadi mwezi wa tano zimelegea na kuota ukungu, silabi hazisomeki tena. Mifuko ya salfeti ya kuchorea chati badala ya manila anayo tayari: ameikusanya kwa wakulima, ameifua, ameikata. Anachoomba ni rangi ya mafuta nyeusi na nyekundu, brashi za saizi mbili na kamba ya kutundikia. Kisha ameorodhesha silabi ambazo watoto wake wanazichanganya, na chati ipi itafundishiwa wiki ipi.

Mjumbe mmoja aliuliza kama jambo dogo hivyo linastahili kukaliwa kikao. Kwangu mimi hilo ndilo lilikuwa la kwanza kupitishwa. Mwalimu huyu ameniweka ndani ya darasa lake. Naona ukuta, naona mtoto anayekodoa macho akishindwa kutofautisha herufi, na najua rangi ile ikifika itatumika kesho yake asubuhi.

Siku hiyo hiyo tulikuwa na andiko la kurasa kumi na kitu, limepigwa chapa vizuri, la kuomba projekta na skrini “kwa ajili ya kuboresha ufundishaji kwa TEHAMA”. Nimelisoma mara mbili nikitafuta somo, nikitafuta mada, hata darasa. Hakuna. Wenzangu wawili walilipenda kwa sababu ya Kiingereza chake na jedwali la bajeti. Nilipinga, na sikupinga projekta. Muhula uliopita tuliipitisha projekta kwa mwalimu wa baiolojia ambaye shule yake ina hadubini moja. Aliandika kwamba katika kipindi cha seli kila mwanafunzi anachungulia utando wa kitunguu kwa sekunde chache, na kengele hulia kabla ya safu ya nyuma kufikiwa. Aliomba kamera ndogo ya kufunga juu ya hadubini ili wote waone ukutani kwa pamoja, akataja chumba chenye umeme na kitambaa cha kuzuia mwanga dirishani. Huyo alikuwa ameshafundisha kipindi hicho kichwani mwake kabla ya kuomba.

Hapo ndipo ninaposimama: ombi lipimwe kwa kipindi kinachokwama, lugha na urembo wa karatasi vije baadaye kabisa. Mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha kwa Kiswahili siku nzima, kwa nini tumdai andiko la Kiingereza?

Kuna upande wetu sisi tunaopima. Mwaka 2014 kata nyingi zilichangishwa ili kila sekondari iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Majengo yalisimama, vifaa vikawa vinakuja kwa kudonoa. Ndiyo maana ombi la bureti, yale mabomba ya kioo yenye alama za kupimia ujazo, kutoka Mbarali sikulishangaa. Mwalimu anataka wanafunzi wa kidato cha tatu waanze mapema kupima ujazo wa asidi na besi, wasikutane na bureti wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Ombi zuri, ila alisahau stendi na vibanio, na bureti isiyo na stendi haifanyi kazi. Kuna aliyetaka tulikatae kwa “upungufu”. Nikampigia simu mwalimu mwenyewe. “Stendi fundi seremala wa hapa atazichonga za mbao, mwalimu wangu,” akaniambia, “mnipe vibanio tu.” Bajeti ikashuka. Ukimkata mtu wa namna hiyo kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana, umewanyima wanafunzi wake.

Sharti la profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka maduka matatu, nalo nimelipigania liondolewe. Mwalimu wa kijiji cha ndani Chunya anasafiri hadi mjini kwa nauli yake, anazunguka Mwanjelwa duka kwa duka akiomba karatasi, na bado hajui kama atapata kitu. Moja inatosha; bei nyingine tunaweza kuziulizia wenyewe, sisi tunaokaa karibu na maduka. Na usafiri uingie kwenye bajeti bila kuonewa aibu, hasa kwa vifaa vya kioo.

Kuhusu picha za makabidhiano, nasema bila kuzunguka: najua wachangiaji wanazipenda, na rangi na brashi hazipendezi pichani kama kompyuta. Hilo lisiwe kigezo.

Kamati imekubali profoma moja na imekubali Kiswahili. Kwa muhula ujao andikeni hata kwa mkono, mtaje somo, mada na idadi ya wanafunzi, na mwalimu mkuu asaini kwamba kifaa kitaingia kwenye leja ya stoo, ili mwombaji akihamishwa kibaki shuleni. Mkiwa hamna uhakika na jina la kifaa, chorani. Nitakitambua, au nitawapigia.