Bedsita ya futi 10 kwa 12: kumbukumbu ya mradi wangu

Mradi umefika hapa: vipimo vimekamilika, kuta zimepakwa rangi, kitanda kimesimama na rafu ya juu imefungwa upande mmoja. Bado meza ya kukunja, upande wa pili wa rafu na pazia la kona ya nguo. Bedsita hii ni chumba kimoja cha kulala, kupika na kukaa, ghorofa ya tatu katika ploti (jengo la kupangisha) ya Roysambu, Nairobi. Choo na bafu viko ndani, na jikoni ni kaunta ya simiti pembeni mwa mlango. Hakuna lifti na ngazi ni nyembamba, jambo lililoamua mengi kuliko rangi au mtindo.

Ninafuata kanuni moja: sakafu ndiyo mali. Kinachoweza kupanda ukutani kipande, ila vitu vizito vibaki chini. Samani isiyofanya kazi mbili haiingii.

Vipimo

Mwenye nyumba akisema futi 10 kwa 12, mara nyingi anataja kipimo cha kabla ya plasta. Hiki kimetoka sentimita 298 kwa 358, yaani mita za mraba 10.7 hivi. Godoro la futi 4 kwa 6 (sentimita 122 kwa 183) peke yake linakula mita za mraba 2.23, karibu moja ya tano ya sakafu. Ndiyo maana kitanda hupangwa kwanza, vingine vifuate.

Pima kila ukuta mara tatu: chini, kiunoni na karibu na dari. Plasta haiko sawa popote, na rafu iliyokatwa kwa kipimo cha chini inaweza kugoma kuingia juu. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe. Kwa chumba hiki, kona kwa kona inapaswa kuwa sentimita 466. Vipimo viwili vya kona kwa kona vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 2, chumba kimepinda. Usikate ubao wa pembeni kwa pembe mraba. Kata kigezo cha boksi la katoni kwanza.

Baada ya hapo chora kila samani sakafuni kwa chaki, pamoja na robo duara ya mlango unapofunguka. Acha njia ya sentimita 60 kutoka mlangoni hadi dirishani, na sentimita 75 mbele ya droo yoyote, maana droo inahitaji nafasi yake na wewe unahitaji pa kusimama unapoivuta. Tembea juu ya hizo chaki siku mbili tatu ukipika na kuvaa kama kawaida. Kama unazikanyaga kila mara, samani hiyo ni kubwa mno, hata kama duka linaiita ndogo.

Rangi na mwanga

Kuta zina mita za mraba 31 ukishatoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja (upakaji wa mara moja), kwa hiyo mikono miwili ni lita 6 na kidogo. Nunua mikebe miwili ya lita 4. Kinachobaki ni cha kuzibia matundu siku ya kuhama. Chagua nyeupe iliyolegea kidogo kuelekea krimu. Nyeupe kali ikikutana na taa ya mwanga wa bluu hukifanya chumba kionekane kama zahanati.

Rangi ya maji ikipakwa juu ya rangi ya mafuta hubanduka vipande vipande, kwa sababu haina pa kushika. Ukuta wa jikoni karibu kila mara una rangi ya mafuta pamoja na mafuta yenyewe ya kupikia. Osha kwa sabuni, suuza, acha ukauke, kisha piga msasa namba 120 mpaka ng'aro iishe. Penye ukungu usifunike kwa rangi. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, bafu la juu au mvuke wa ndani, maana bila hivyo doa hurudi msimu ujao wa mvua.

Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hubadilisha upande. Dirisha linalotazama kaskazini hupata jua katikati ya mwaka, miezi ya baridi. Linalotazama kusini hulipata kuanzia Oktoba hadi Februari. Ukikagua chumba Januari, uliza dirisha linatazama wapi kabla ya kulifurahia jua lililomo, kwa sababu Julai huenda lisiwepo.

Fimbo ya pazia ipite ukingo wa dirisha kwa sentimita 15 kila upande, ili kitambaa kikifunguliwa kikae ukutani na siyo juu ya kioo. Upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu ya fimbo. Mara mbili ni nzito kwa chumba hiki. Mapazia mazuri ya mitumba yako soko la Gikomba, ila beba futikamba, maana mengi ni mafupi. Taa tatu ndogo ni bora kuliko moja ya dari: balbu ya LED ya wati 9 ya mwanga wa njano (3000K) kitandani, nyingine kwenye kona ya kukaa, na nyeupe kwa kaunta tu.

Kitanda

Hapa ndipo kazi ilipo. Kitanda hiki pia ni stoo, kwa hiyo kimeinuliwa: nafasi wazi chini yake ni sentimita 35. Juu ya hapo kuna mfumbati (mbao ndefu ya ubavuni) wa sentimita 10, chaga (vibao vinavyobeba godoro) ya 2.5 na godoro la inchi 6, jumla sentimita 62 na nusu. Ukiongeza hapo, mtu mfupi anakaa miguu ikining'inia.

Fremu ya nje ni sentimita 124 kwa 186, ili shuka ipate pa kuchomekwa. Mbao ni saiprasi ya inchi 4×2 iliyosimamishwa kwa ukingo: mifumbati 2 ya sentimita 186, vitakizo (mbao za kichwani na miguuni) 2 vya 114, na mhimili wa kati wa 176. Matendegu (miguu ya kitanda) ni saba: sita ya sentimita 45 (pembe nne na katikati ya kila mfumbati), na moja fupi la 35 chini ya mhimili. Jumla ni futi 36 hivi, nunua 40. Chaga ni 14 za 3×1, kila moja sentimita 124, jumla futi 57; nunua 63. Ukizigawa sawasawa, pengo kati ya chaga na chaga ni sentimita 6. Pengo likizidi 7, povu la godoro huanza kuzama katikati, na hakuna godoro la bei litakalokuokoa. Usizibe mapengo kwa plaiwudi nzima: jasho la usiku hukosa pa kutokea na godoro huota ukungu upande wa chini.

Mbao mbichi ndiyo chanzo kikuu cha vitanda vinavyolia. Inua vipande viwili vya saizi moja. Kilicho kizito zaidi bado kina maji. Kikishafungwa kitakauka, kitapungua, na skrubu itabaki kwenye tundu kubwa. Panga mbao chini ya paa, vijiti katikati ya kila safu ili hewa ipite, kwa wiki mbili au tatu kabla ya kukata. Kumbuka pia kwamba randa hula milimita 5 hivi. Pima chaga baada ya randa, kisha ugawe mapengo upya.

Matendegu hukaa ndani ya mifumbati na kufungwa kwa bolti za milimita 8 zenye urefu wa 120, zile za spana namba 13, mbili kwa kila tendegu na washa pande zote mbili. Ni bolti 12. Bolti moja huacha tendegu lizunguke. Mbili, moja juu ya nyingine, hulifunga. Toboa kwa biti ya milimita 9. Vitakizo hufungwa kwa skrubu za inchi 4, mbili kila ncha, ukitoboa njia kwanza kwa biti ya milimita 4, la sivyo saiprasi inapasuka. Usitumie gundi wala misumari kwenye viungo hivi. Kitanda kilichopigiliwa hakishuki ngazi za ploti; kilichofungwa kwa bolti hushuka vipande vipande siku ya kuhama.

Kati ya chaga na mfumbati nimeweka mikanda ya mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli, upana wa sentimita 3. Mlio wa kitanda ni mbao kusugua mbao, na mpira huumaliza kabisa. Kaza bolti tena baada ya mwezi mmoja, mbao ikishatulia.

Kiache kitanda sentimita 5 kutoka ukuta wa nje. Kati ya Juni na Agosti ukuta huo huwa baridi, na mvuke wa chumba hugeuka maji nyuma ya godoro.

Rafu ya juu

Rafu inazunguka chumba kwa urefu wa mita 2 kutoka sakafuni, kina sentimita 25. Ni ya plaiwudi ya milimita 18, si MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa). MDF hupinda haraka zaidi na huvimba ikilowa, na kwenye chumba cha kupikia mvuke haukosi. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 hutoa vipande vinne vya sentimita 25 kwa urefu wote, na kipande chembamba kinachobaki ni cha kingo. Weka bano (chuma cha pembe kinachobeba rafu) moja kila sentimita 60 kwa vitabu, 80 kwa vitu vyepesi. Mita moja ya vitabu ina kilo 20 hadi 30, kwa hiyo juu nimepanga mashuka, mabegi na sufuria za mara moja moja. Vitabu viko chini ya kitanda.

Kuta ni za mawe yenye plasta. Plasta yenyewe haibebi kitu: skrubu lazima iivuke na kuingia kwenye jiwe. Tumia drili ya kugonga, biti ya simiti ya milimita 8, tundu la sentimita 6, fisha (plagi ya plastiki inayoshika skrubu ukutani) ya 8 na skrubu ya milimita 5 kwa 60. Tazama vumbi. Likitoka gumu na la kijivu muda wote, uko kwenye jiwe. Biti ikizama ghafla na vumbi kuwa mchanga mtupu, umeingia kwenye kiungo cha simiti kati ya mawe. Sogea sentimita 3, kwa sababu fisha itazunguka humo bila kushika. Usitoboe moja kwa moja juu, chini au pembeni mwa soketi na swichi. Waya hupita huko.

Omba ruhusa ya kutoboa kwa maandishi, na upige picha za kuta kabla ya kugusa chochote. Dipoziti nyingi hupotelea kwenye matundu ambayo mpangaji aliyakuta. Mwenye nyumba akikataa, usikimbilie vibandiko vya gundi: kwenye rangi ya maji hushuka na rangi yenyewe. Tengeneza rafu ya ngazi inayoegemea ukuta, miguu ikiwa na mpira chini.

Kaunta, gesi na maji

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 haukai ndani ya kabati lililofungwa wala chini ya kitanda, na upenyo ulio chini ya mlango hauzibwi. Pima viungo kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi.

Katika mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maharagwe na githeri huchukua muda zaidi kuiva, na mvuke wote huo huishia kwenye nguo. Presha kuka inapunguza muda na mvuke kwa pamoja. Kwa mtu anayelala mita 2 kutoka jikoni, naiona ni kifaa cha lazima kuliko friji.

Kwa mgao wa maji, mitungi mitano ya lita 20 ni kilo 100. Imepangwa chini ya kaunta, kwa safu moja. Kwenye umeme, ekstensheni ya ampea 13 mwisho wake ni wati 3,100 hivi: birika na pasi kwa wakati mmoja ni nyingi mno. Waya wa ekstensheni usiwe umeviringishwa unapotumika, maana hupata joto.

Kinachofuata

Kona ya nguo itakuwa na fimbo ya sentimita 90, na pazia badala ya milango. Nguo kwenye hanga inahitaji kina cha sentimita 55 hadi 60. Kabati la 45 halifungi, na hilo ndilo kosa la makabati mengi ya bei nafuu. Fimbo ikizidi mita 1 iwekewe bano katikati.

Meza ya kukunja ni ubao wa sentimita 60 kwa 45, juu ya bano mbili za kukunjika, kwa urefu wa 74 kutoka sakafuni. Sofa seti haiji. Wageni watakaa kwenye benchi la sanduku lenye kimo cha sentimita 45, na benchi hilo ndilo kiti cha meza. Kabla ya kuiamini meza kwa kompyuta, nitaweka mtungi wa lita 20 uliojaa katikati ya ubao usiku mzima. Ukingo wa mbele ukishuka zaidi ya milimita 5, bano zitabadilishwa kwa saizi kubwa, na skrubu za ukutani kwa zile za milimita 6.